Nani Atajibu Langoni kwa Wakiuru

Wakiuru hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, mkono wa pili ukinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjika. Kazi yake pale Naro Moru ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine, na hata hiyo mashine ya kusukumwa kushoto kulia, kushoto kulia, nadhani aliipenda kwa sababu nayo haitulii. Lakini mwaka huu alipita mipaka. Tangu binti yake wa pekee, Wangeci, aseme kwamba jamaa za mchumba wake Wambugu watatoka Nanyuki kuleta ruracio, yaani mahari, mwezi wa Agosti, mama huyu alihamisha kabati, akalirudisha, akapaka lango rangi ya kijani, akaliangalia asubuhi akaona limekuwa kama la zahanati, akapaka kahawia juu yake.

Lango ndilo lililokuwa likimsumbua. Kwa watu wa huko wageni wa ruracio hawaingii hivi hivi. Hufika wamependeza, wamebeba vyao, na kukuta lango limefungwa. Wanawake wao huimba kuomba wafunguliwe, na wanawake wa ndani huwajibu kwa wimbo: nyinyi ni akina nani, mmepotea njia, hapa hatuuzi kuku. Wa nje hujisifu, wa ndani huwakejeli, na hakuna maneno yaliyoandikwa popote. Kila upande hujibu kile ulichosikia. Lango likifunguliwa upesi, watu husema msichana alikuwa amewachosha wa kwao. Likichelewa kwa utamu, habari yake husimuliwa miaka.

Na kwa miaka mingi, mtu akitaka wimbo wa langoni kutoka Nyeri mpaka Nanyuki, aliwaita Wakiuru na Wamucii. Wakiuru alikuwa wa nje, sauti yake ikivuka mashamba. Wamucii alikuwa wa ndani. Huyo Wamucii ni mkulima wa viazi, mfupi, mpole ukikutana naye sokoni, lakini mweke nyuma ya mbao za lango uone ulimi wake unavyogeuka wembe. Mmoja alienda na wageni, mwingine akatangulia kwa wenyeji, wakatukanana kwa nyimbo mpaka wazee wakashika mbavu. Jioni walirudi nyumbani pamoja wakigawana nyama waliyofungiwa.

Halafu likaja la Mweiga. Mwaka uliopita, kwenye ruracio ya watu wengine kabisa, Wakiuru alisimama nje akiwasifia wenyeji bwana harusi aliyemleta, mwanamume wa kukaa nyumbani, asiyejua kutoroka. Wamucii, kwa kasi yake ya siku zote, akajibu kutoka ndani: wewe unayesifu wanaume wa kukaa, wako alipotoka, ulimwimbia arudi? Watu wakaangua kicheko. Mume wa Wakiuru alikuwa ameondoka Wangeci akiwa darasa la tatu, akaenda Kenol kuanza maisha na mwanamke mwenye duka la misumari na saruji. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kulitaja. Wakiuru akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mwanamke mwingine alilazimika kuudaka wimbo usianguke.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Wamucii alijikwaa mbele ya mahema yaliyojaa. Wakiuru alirudi nyumbani peke yake siku hiyo. Wamucii alimtuma jirani yao, Monicah, aseme kwamba anaomba waonane. Wakiuru akamrudisha Monicah na jibu kwamba ana kazi nyingi ya sweta. Mwaka mzima akawa na kazi nyingi ya sweta.

Sasa lango lilikuwa lake mwenyewe, na hakuwa na wa kujibu. Yeye hakuruhusiwa: mama wa msichana akionekana langoni, wageni watasema ana haraka ya mbuzi. Wanawake wa kikundi chake cha akina mama wangeweza kuitikia vizuri tu, lakini kuongoza kutoka ndani kunahitaji mtu mwenye jibu mdomoni kabla swali halijaisha, na mtu huyo alikuwa mmoja.

Wazo lilimwingia kanisani. Kwaya ilikuwa imeenda mazishini, kwa hiyo mchungaji akachomeka flash kwenye spika, kwaya ikaimba bila kuwapo, na waumini wakapiga makofi. Wakiuru, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango kama kawaida yake, akaona mwanga. Atarekodi majibu mwenyewe. Ataficha spika nyuma ya lango, wanawake wataitikia, na wageni wakiwa nje watamwona nani? Usicheke. Mtu mwenye hasira kichwa chake hupata werevu wa ajabu. Studio zilikuwapo Nyeri, ila kijana wa studio ana mdomo, na Wakiuru alijijua kwamba hataridhika na mara ya kwanza wala ya kumi. Angenunua vyombo vyake, arekodi kwake, mlango umefungwa.

Duka aliloingia Nyeri mjini lilikuwa la Trupti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Baba mkwe wake alianza kwa kuuza redio za mawe ya betri. Yeye sasa aliuza spika za makanisa, maiki na nyaya za kila rangi.

“Karibu, mama. Unatafuta nini?”

“Nataka kurekodi. Kwa nyumba. Nipatie ile.” Wakiuru alikuwa ameshaichagua tangu mlangoni: maiki nene ya rangi ya dhahabu, imening'inizwa katikati ya springi zake mithili ya malkia.

Trupti hakuishusha. “Hiyo ni nzuri sana. Nyumba yako iko na silingi?”

“Ni mabati.”

“Kuku?”

“Wako. Na ng'ombe moja.”

“Basi hii itakurekodia kuku,” Trupti akasema. “Hii inasikia kila kitu. Mvua, jirani, tumbo yako ikinguruma. Inataka chumba imetulia.” Akavuta droo, akatoa maiki nyeusi ya kawaida yenye kichwa cha wavu, ile ya kushikwa na waimbaji jukwaani. “Hii ndiyo yako. Unaimba karibu, vidole nne kutoka kwa mdomo. Inasikia mbele tu. Nyuma ni kiziwi. Weka jogoo huko nyuma, awike mpaka achoke.”

Wakiuru akaisukuma kando. “Unanipea ya bei ya chini juu umeona viatu zangu?”

“Mama, ya bei ya juu mimi naipenda kuliko wewe,” Trupti akamjibu, akicheka. “Lakini utairudisha Jumatatu ukilia, na mimi sipendi kulia na customer Jumatatu. Laptop uko nayo?”

“Ya msichana wangu. Ya zamani.”

“Inatosha. Ya kurekodi nayo iko ya bure, nitakuwekea kwa flash. Headphone chukua hizi za kufunika masikio yote, ndio sauti isitoke irudi kwa maiki. Spika usinunue, azima ya kanisa. Na mbele ya maiki weka soksi ya nailoni, soksi safi lakini, uivute kwa waya ya henga. Hiyo inazuia pumzi.” Kisha akaweka mezani visanduku viwili vya kuunganisha maiki na kompyuta, kimoja chenye tundu moja la maiki, kingine chenye matundu mawili. “Sasa niambie. Mnaimba wangapi?”

Swali dogo tu. Wakiuru akageuka akaangalia barabara, ambako hapakuwa na kitu cha kuangalia.

“Mimi peke yangu.”

“Hakuna wa kukuitikia?”

“Nimesema peke yangu.”

Trupti akakirudisha rafuni kisanduku cha matundu mawili, akamfungia kile kingine.

Kwa wiki nzima waliofuata sweta waliukuta mlango umefungwa. Chumbani, Wakiuru aliegemeza godoro dirishani, akatundika mablanketi kwenye kamba, akaifunga maiki kwenye mpini wa jembe aliouchomeka ndani ya ndoo ya mchanga. Akajifunza kompyuta kwa kuitukana. Lazima niseme ukweli, Trupti hakumdanganya. Upepo wa mlimani ulivuma juu ya mabati, mabati yakaalika jua lilipotoka, jogoo akafanya yake, na kwenye headphone hakukuwa na lolote ila sauti ya Wakiuru, safi, imemkaribia mpaka akajionea haya.

Shida ilikuwa miguu yake. Maiki husimama pahali pamoja, naye hawezi. Alianza wimbo akiwa vidole vinne kutoka kwenye soksi, akaumaliza akiwa karibu na kabati, sauti imepotelea huko. Akafuta. Akarudia amesimama ndani ya beseni ili asitoke. Akafuta tena, kwa sababu sasa aliimba kama mtu aliyesimama ndani ya beseni. Alikula ugali mkavu akiwa na headphone masikioni, akijisikiliza na kujichukia na kujisikiliza tena.

Jumapili alasiri majibu yalikuwa tayari. Akaiweka spika ya kanisa nyuma ya lango, akabonyeza, akakimbia nje kujifanya mgeni. Akaimba kuomba kufunguliwa. Spika ikajibu kwa madaha: nyinyi ni akina nani? Wakiuru akatabasamu. Akaanza kueleza kwamba wametoka Nanyuki, wamevuka mito, na kabla hajafika kwenye mto wa pili spika ikamkata: mbona viatu vyenu havina vumbi? Akapunguza mwendo, spika haikupunguza. Akatupa kejeli mpya kuhusu lango lililopakwa rangi mara mbili, kejeli nzuri kweli, ambayo Wamucii angeidaka na kuirudisha ikiwa na meno. Spika ikamwambia hapa hatuuzi kuku. Kisha ikacheka. Alikuwa amerekodi kicheko, akakipenda siku ile. Sasa kilitoka nyuma ya mbao bila sababu, sauti yake mwenyewe ikimcheka.

“Mami.”

Wangeci alikuwa amesimama barabarani na begi lake. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Nanyuki, na leo alikuwa ofu. Alikuwa amesikia kila kitu.

“Mami, hii ni kama kupigia customer care. Bonyeza moja kama umeleta mbuzi.”

Wakiuru alitaka kucheka, akajikuta amekasirika. “Sasa wewe ulitaka nifanye nini? Nisimame hapo mwenyewe?”

“Namtaka Aunty Wamucii.” Wangeci akaliweka begi chini. “Si mlikuwa mnanibeba kwa zamu mkiimba? Mgongo wake naujua kama wako. Ati nitolewe na spika?”

“Huyo Wamucii wako aliniaibisha.”

“Najua. Na ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini kama si yeye, Mami, hiyo gate ikae wazi. Waingie tu.”

Lango likae wazi. Mtoto hakujua alichosema, au alijua sana. Wakiuru aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Kesho yake asubuhi akampigia Trupti.

“Hii maiki yako haisikii nyuma.”

“Lakini nilikuambia, mama.”

“Nataka yenye inasikia pande mbili.”

“Iko. Imepanda bei kidogo. Ni ya watu wawili wakiangaliana, mmoja mbele, mmoja nyuma.” Trupti akakumbuka. “Si ulisema uko peke yako? Huyo mwingine ako wapi?”

“Ako kwake.”

“Sasa, mama, maiki ni ya kusikia. Ya kujibu sina. Ningekuuzia.”

Wakiuru akakata simu, akavaa viatu. Alikuwa amefunga sweta moja kwenye karatasi, akafika nayo mlangoni, akairudisha mezani maana aliona itafanana na rushwa. Kwa Wamucii si mbali, ni kushuka mtoni na kupanda ng'ambo, lakini alitembea kwa hasira mpaka akafika anatweta. Lango la mbao lilikuwa limefungwa. Jikoni moshi ulitoka, redio ilisikika.

“Hodi!”

Redio ikazimwa.

“Hodi hapa!”

Hakuna. Basi yumo, na anajua ni nani. Miguu ya Wakiuru ilikwisha kugeuka kurudi. Ni kitu gani kilichomzuia hata yeye hawezi kusema vizuri. Labda ni mazoea tu ya kusimama mbele ya lango lililofungwa. Akaimba. Sauti ilitoka imekwaruza, haina hata robo ya ile ya kwenye headphone. Fungueni, nimetoka mbali.

Kisha kutoka ndani, bila haraka, bila wema: mbali gani, na moshi wa jiko lako naunusa kila asubuhi?

Wakiuru akalikaribia lango. Akajibu kwamba ukifunga safari ukiwa na uzito kifuani, hata mto ni bahari. Wa ndani akauliza uzito huo ni wa nini, si mwaka mzima ulishiba sweta? Wakiuru alijikuta anacheka huku akiimba, na machozi yakaja hapo hapo bila kubisha. Akaona asipolisema sasa hatalisema tena. Akaimba polepole, mikono imelala kando kwa mara ya kwanza mwaka huo. Uliniuliza Mweiga kama nilimwimbia arudi. Nilimwimbia, Wamucii. Niliimba mpaka gari likapinda kona. Wewe wajua, kwa maana wewe ndiye uliyenishika nisianguke.

Akasubiri jibu. Katika miaka yote ile Wamucii hakuwahi kuacha ubeti uanguke. Angemjibu hata aliyekohoa. Sasa kuku walichakura, moshi ukapanda, na nyuma ya mbao hakukusikika neno. Halafu komeo likavutwa.

Wamucii alikuwa na udongo wa viazi mpaka kwenye viwiko, na uso umelowa. “Sina ya kujibu hiyo,” akasema, haimbi.

“Hauna?”

“Sina. Ilinitoka mbio, Mama Wangeci. Ulimi ilitangulia, mimi nikabaki nyuma nikiiangalia. Nilituma Monicah akuite, ukakataa.”

“Nilikataa. Ilinichoma sana.”

“Najua ilikuchoma.” Akajipangusa kwa leso, akajipaka udongo shavuni. “Watu ya Wambugu walikuja hapa, ati niwaongoze nikiwa nje. Nikawaambia huyo mama, kwake mimi siwezi kusimama nje.”

“Na mimi nilikuwa sijakuita.”

“Haukuwa umeniita. Nilikaa tu nikingoja.” Akamshika Wakiuru mkono, udongo na yote. “Lakini hii ya hapa haitoshi. Kile nilisema mbele ya watu, nitakirudisha mbele ya watu. Wewe wacha hiyo siku ifike.”

Siku ikafika na ukungu wa Agosti, mlima haukuonekana kabisa. Wangeci, kabla hajaenda kufichwa na wenzake, aliifunga maiki nyeusi kwenye nguzo ya lango ili irekodi, uso ndani, kisogo kwa wageni. Kisanduku kilikuwa na tundu moja tu, basi maiki isikie la maana, akasema. Wakiuru alikuwa jikoni, ambako Monicah, mpishi mkuu, alikuwa amemfukuza mara mbili kwenye sufuria zake. Alikuwa akifunika kilichofunikwa, akipanga vikombe vilivyopangwa, sikio lake lote likiwa nje.

Wageni walikuwa wamekodi mwanamke mwenye sauti kubwa kutoka Nanyuki, na hakuwa mtoto. Alijisifu, Wamucii akamshusha. Alibembeleza, Wamucii akamuuliza kama amekuja kuoa au kuomba unga. Manyunyu yakaanza, wazee wa nje wakavuta kofia, na ndani wanawake wakaitikia kwa nguvu mpya. Hapo yule wa Nanyuki akatupa kejeli ambayo hutupwa katika malango mengi, naye masikini hakujua lolote: tunasikia akina mama tu, mwenye boma yuko wapi? Mtuonyeshe mwanamume wa kutufungulia.

Jikoni mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Monicah aliangalia chini. Wakiuru akashika mwimo wa mlango.

Sauti ya Wamucii ikapanda, ile ya wembe, lakini safari hii haikukata. Mwenye boma yuko jikoni, ikaimba. Lango hili mnalolibisha alilisimamisha yeye, sweta kwa sweta, na tangu alisimamishe halijalala wazi hata siku moja. Nawauliza nyinyi wa Nanyuki, mnakuja kwa mtu bila kumjua jina? Mwiteni. Mwiteni nyote, na wanaume, naye akiridhika nitafungua.

Nje pakawa na mnong'ono, watu wakiulizana. Kisha yule mwanamke akaanza, wenzake wakamfuata, halafu zikaingia sauti nzito za wazee waliokuwa wakilowa kwenye manyunyu, wote pamoja wakiimba jina moja: Wakiuru.

“Hajasikia!” Wamucii akawaambia.

Wakaimba tena. Wakiuru, Wakiuru wa Naro Moru, tufungulie.

Monicah akageuka, mwiko mkononi. “Mama Wangeci, si umeitwa? Niwaambie wafungue?”

Wakiuru akakivuta kigoda, akakaa.

“Wacha waite kidogo tena,” akasema.